UZI: Haidroliki ya ekskaveta kwa wanaoanza. Soma kabla hujanunua pampu nyingine

FundiMitambo:

Wakuu, habari za jioni.

Kila mtambo ukilegea, jibu mtaani ni moja: "Pampu imekufa, tafuta nyingine." Mwenye mashine anauza kiwanja, pampu inafungwa, na ekskaveta inabaki vilevile. Hili linaniuma sana, kwa sababu mara nyingi pampu iliyotolewa ilikuwa nzima. Ndiyo maana nimeamua kuanzisha uzi huu tuelewane kuanzia chini kabisa. Fundi mwenzangu uliyebobea, vumilia mwanzo, na mahali nilipopungua ongezea.

Mfano wangu ni ekskaveta ya tani 20, ile ya minyororo inayoonekana kwenye saiti za barabara na machimboni. Ukiielewa hiyo, bekho, greda na foko hazitakupa shida.

Oili iko kwenye tanki. Injini inazungusha pampu, pampu inavuta oili na kuisukuma hadi kwenye kontroli valvu, lile dude zito lililokaa katikati ya mashine lenye hosi nyingi. Ndani yake kuna vyuma virefu vya mviringo vinaitwa spuli. Opereta akivuta leva, spuli inateleza na kufungua njia: oili inaingia upande mmoja wa silinda, na ile iliyokuwa upande wa pili inasukumwa kurudi tanki, ikipitia kwenye rejeta ya oili na filta. Silinda inanyooka au inakunja. Kwenye kutembea na kuzunguka hakuna silinda, kuna mota. Mzunguko wenyewe ndio huo. Vingine vyote vipo kwa ajili ya kuulinda au kuuongoza.

Sasa hapa naomba utulie: pampu haitengenezi presha. Pampu inatoa mtiririko, yaani lita kadhaa kwa dakika. Presha inaletwa na kitu kinachoizuia oili isipite. Chukua pampu ya baiskeli, ipige hewani bila kuifunga kwenye tairi. Mkono unakwenda laini. Ifunge kwenye tairi linalokaribia kujaa, mkono unaanza kugoma. Pampu ni ileile na mkono ni uleule. Kilichoongezeka ni kizuizi.

Kwa hiyo lita ndizo kasi, na presha ndiyo nguvu. Mashine ikiwa *taratibu*, tafuta lita zimepotelea wapi. Mashine ikiwa *dhaifu*, haiinui mzigo iliyokuwa inainua, tafuta presha inavujia wapi. Ni magonjwa mawili tofauti, na mteja karibu siku zote atayaita kwa jina moja: "haina nguvu."

Hesabu kidogo. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 120 ina eneo la sentimita za mraba 113 hivi. Ekskaveta ya tani 20 inafanya kazi kwa presha ya juu ya karibu bar 350 (bar ni kipimo cha presha; bar moja ni karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba). Zidisha, unapata msukumo wa tani 40 kutoka kwenye silinda moja! Sasa mwagia silinda hiyo lita 200 kwa dakika: rodi inatoka kwa kasi ya sentimita 29 hivi kila sekunde. Oili ikirudishwa upande wa rodi, hesabu inabadilika, kwa sababu rodi yenyewe imekalia nafasi. Rodi ikiwa ya milimita 85, eneo linalobaki ni nusu. Hapo nguvu inashuka hadi tani 20, lakini silinda inarudi kwa kasi maradufu, kwa lita zilezile. Ndiyo maana watengenezaji wanaipanga mashine ili kazi nzito, kuinua bumu (mkono mkubwa unaoanzia kwenye mashine) na kuvuta ndani armu (mkono wa pili unaoshika baketi), ifanywe wakati silinda inanyooka.

Karibuni kwa maswali.

Opereta_Chunya:

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Mimi nikiingia kwenye mwamba uliooza au udongo mgumu, mashine inapunguza mwendo yenyewe. Injini haizimi na baketi inaendelea kukata, lakini pole pole. Bosi anasema naiharibu mashine yake. Kweli huo ni ugonjwa?

FundiMitambo:

Mkuu, hiyo mashine yako ni nzima, na mwambie bosi nimesema hivyo.

Nguvu ya injini inayotumiwa na haidroliki unaipata kwa kuzidisha bar kwa lita za dakika, kisha unagawa kwa 600. Jibu linakuja kwa kilowati. Bar 350 mara lita 200 gawa kwa 600 ni kilowati 117 hivi. Hiyo ni pampu moja tu, na ekskaveta hizi zina pampu kubwa mbili. Injini ya mashine ya tani 20 ina kilowati 110 hivi. Pampu zote mbili zikitoa lita zote kwa presha yote, injini inazima palepale.

Kwa hiyo ndani ya pampu kuna sahani inayoinama. Ikiinama sana, pistoni zinasafiri mbali na lita zinakuwa nyingi. Ikisimama karibu wima, pistoni zinasafiri kidogo. Presha ikipanda kwa sababu umekutana na mwamba, pampu inaipunguza sahani yenyewe: inatoa lita chache ili ibaki na presha. Umepoteza kasi, umebaki na nguvu, injini imepona.

Ugonjwa unakuja kidhibiti cha sahani hiyo kikikwama. Kikikwama juu, kwenye lita nyingi, injini inaguna na kuzima kila ukigusa kitu kigumu, na wengi wanakimbilia kufungua nozeli na pampu ya dizeli bila sababu. Kikikwama chini, kwenye lita chache, mashine inakuwa taratibu hata ikiwa hewani haijabeba kitu, ila ukiiwekea mzigo inauinua vizuri tu.

BosiMdogo:

Wakuu mimi si fundi, nina ekskaveta moja ya kukodisha huku Geita. Asubuhi inapiga kazi safi. Ikifika saa tano, imeshapata moto, inachoka kila kitu: bumu, armu, mpaka kutembea. Fundi wa kwanza kaniambia pampu imekufa na kanitajia bei sitaki hata kuiandika. Wa pili kakaza skrubu fulani, ikapata nafuu siku moja, kisha hosi ya bumu ikapasuka. Nisaidieni, mashine ndiyo inalisha familia.

FundiMitambo:

Pole sana kaka. Usinunue kitu chochote bado.

Maelezo yako yana mambo mawili ya maana. La kwanza, ni *kila kitu*. Kama ingekuwa armu peke yake, ningekwenda moja kwa moja kwenye silinda ya armu au sehemu yake ya kontroli valvu. Lakini vyote vikichoka pamoja, tafuta kitu ambacho vyote vinakitegemea: oili, ufyonzaji wa pampu, presha ndogo ya kuongozea, au rilifu kuu (valvu inayoachia oili presha ikizidi). Pampu zipo mbili, na ni nadra sana mbili kufa siku moja. Kama ni pampu moja, ungeona mashine inavuta upande mmoja ikitembea, na baadhi ya viungo vingekuwa vizima.

La pili, ni *ikipata moto*. Oili ikichemka inakuwa nyepesi, inapenya kwenye kila uwazi mdogo na kurudi tanki bila kufanya kazi. Na ikipenya hivyo inazalisha joto zaidi, kwa hiyo hali inajiongezea yenyewe. Oili ikikaa juu ya nyuzi 80, sili zinaanza kukakamaa na oili inazeeka haraka.

Anza na vitu vya bure. Lete tochi, angalia rejeta ya oili. Usiangalie upande wa nje tu. Mara nyingi rejeta ya oili na ile ya maji zimekaa zimeshikana, na vumbi linajaa katikati yake pasipoonekana. Kagua mkanda wa feni. Kisha uliza, bila kugombana na mtu, ni oili gani iliyoongezwa mara ya mwisho. Mashine nyingi zinataka oili ya haidroliki ya namba 46, na kwenye joto kali 68. Baadhi ya watengenezaji wanataka oili yao maalumu. Kitabu cha mashine kinasema. Mtu akijazia chochote alichokikuta kwenye dumu, matokeo ndiyo hayo.

Itazame oili yenyewe kwenye chupa safi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji. Ikiwa na povu, kuna hewa inavutwa mahali, mara nyingi kwenye klampu ya hosi nene inayotoka tanki kwenda pampu. Hosi hiyo haivujishi nje kwa sababu inafyonza, kwa hiyo utaikuta kavu kabisa na bado ndiyo mwizi. Ikinuka kuungua, imeshachemka sana.

Halafu ndipo geji. Geji ya bar 600, inafungwa kwenye nipo (mdomo mdogo wa kufungia geji) ya kupimia karibu na pampu. Oili iwe na joto la kazi, injini kasi ya juu, vuta armu mpaka mwisho wa silinda na uishikilie leva sekunde chache tu. Soma. Fanya hivyo asubuhi na ufanye tena saa tano. Pima pia presha ya kuongozea, ile inayotoka kwenye pampu ndogo kwenda kwenye joistiki. Inapaswa kuwa bar 35 hadi 40 hivi. Hiyo ikishuka, spuli hazifunguki zote, na mashine nzima inakuwa taratibu huku pampu kubwa zikiwa salama.

Na ile skrubu ya rilifu iliyokazwa irudishwe kwa kutumia geji. Tafadhali sana.

KazaTwende:

Fundi, heshima kwako, ila hapo kwenye skrubu siafiki. Huku kwetu rilifu tunaikaza nusu mzunguko, mashine inafufuka, mteja anacheka, tunalipwa. Geji ya bar 600 ni wangapi wanayo?

FundiMitambo:

Kaka, naielewa hali, geji ni bei. Lakini fikiria unachokigusa. Rilifu ni mlango wa dharura. Silinda ikifika mwisho, au baketi ikinasa kwenye mwamba, oili haina pa kwenda, na presha ingepanda mpaka kitu kipasuke. Rilifu inafunguka kwa kiwango kilichopangwa na kuirudisha oili tanki. Ukiikaza, hujaongeza nguvu ya pampu hata chembe. Umeuchelewesha huo mlango.

Kwenye baadhi ya ekskaveta za tani 20, mzunguko mmoja wa skrubu hiyo hubadilisha presha kwa zaidi ya bar 100. Nusu mzunguko uliyoizoea ni bar 50 au zaidi juu ya kiwango ambacho hosi, silinda na chuma cha bumu vilihesabiwa. Hosi ya mwenzetu wa Geita imeshapasuka, na ashukuru hapakuwa na mtu karibu.

Ni kweli kuna wakati rilifu yenyewe ndiyo mgonjwa: springi imechoka, au uchafu umekaa kwenye kikalio chake na haifungi vizuri. Hapo unaitoa, unaisafisha, unaipima. Geji mnaweza kununua kwa kuchangia mafundi wanne watano. Itajilipa kwenye mashine ya kwanza.

KazaTwende:

Sawa, hoja ya bar 50 imenigusa. Nitaongea na wenzangu hapa gereji kuhusu geji.

Mwanagenzi_Dada:

Shikamoo kaka FundiMitambo. Mimi nasomea ufundi wa mitambo, nipo mafunzo kwa vitendo. Kuna ekskaveta bumu lake linashuka lenyewe likiachwa juu, injini ikiwa imezimwa. Msimamizi kasema sili za silinda, tukabadilisha zote mbili. Bado linashuka. Tumekosea wapi?

FundiMitambo:

Marahaba dada. Swali lako ndilo zuri kuliko yote hapa, na jibu lake linawashangaza hata wazee wa kazi.

Chukua silinda ya bumu. Uzito unaisukuma rodi irudi ndani. Tuseme sili za pistoni zimekufa kabisa, oili inapita kutoka chini ya pistoni kwenda juu yake, lakini kontroli valvu imefunga pande zote mbili vizuri. Rodi ikitaka kuingia, itahitaji nafasi ndani ya silinda. Silinda imejaa oili, na oili haishindiliki kirahisi. Nafasi iko wapi? Hakuna. Kwa hiyo bumu litashuka kidogo sana kisha litasimama. Ili liendelee kushuka, lazima kuwe na oili inayotoka *nje ya silinda*. Kwa hiyo, kwa bumu, sili peke yake hazitoshi kuliangusha. Kuna kitu kinavujisha upande wa valvu.

Tafuta hapa: valvu ya kuzuia bumu kushuka, kama mashine yenu inayo, rilifu ndogo ya silinda ya bumu, na spuli yenyewe kama imechubuka. Anza na hizo mbili za mwanzo. Punje moja ya chuma kwenye kikalio inatosha.

Armu iliyonyooshwa na kuning'inia kwa kuivuta rodi nje ni hadithi tofauti. Pale oili inayopita kwenye pistoni inapata nafasi, na sili mbovu zinaweza kuiachia ishuke.

Mlipobadilisha sili, kagueni pia mdomo wake umeelekea wapi. Mwaka 1795 Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kugandamiza kwa maji huko London, akitumia kanuni ambayo Blaise Pascal aliiandika karne ya 17. Mashine ilikuwa inavuja, mpaka fundi wake Henry Maudslay akabuni sili ya ngozi yenye mdomo: presha yenyewe inaingia mdomoni, inaupanua na kuugandamiza ukutani. Presha ikiongezeka, sili inakaza zaidi. Sili nyingi za silinda unazozishika leo zinafanya kazi hivyohivyo. Ukiifunga mdomo ukiwa umeelekea upande usio na presha, itavuja hata ikiwa mpya kutoka kwenye mfuko.

Mwanagenzi_Dada:

Asante sana kaka, hiyo ya rodi kukosa nafasi nimeichora kwenye daftari na imekubali. Kesho nitamwomba msimamizi tufungue ile valvu.

Mkulima_Eldoret:

Hodi wakuu, salamu kutoka Kenya. Mimi niko na trekta, Massey Ferguson ya zamani. Ikiwa baridi inainua jembe poa, ikipata moto jembe linakaa chini. Haya mambo ya ekskaveta yanaingiana na trekta?

FundiMitambo:

Karibu sana jirani. Kanuni ni ileile, mpangilio tofauti. Kwenye hizo Massey za zamani pampu ya kuinulia iko ndani, na inatumia oili ileile ya giaboksi na difu. Kwa hiyo chembe za gia zinapita humo humo. Kwanza angalia kiwango cha oili, kisha chujio la ufyonzaji, kisha ubadilishe oili kwa ile inayotajwa na kitabu. Ikiwa bado, ndipo uwazie pistoni ya kuinulia na sili zake, na pampu iwe ya mwisho. Ikiinua baridi na kugoma moto, uvujaji wa ndani upo. Swali ni uko wapi.

BosiMdogo:

Narudi na mrejesho. Rejeta ya oili tumeitenganisha na ya maji, katikati kumejaa vumbi na majani hadi mwanga haupiti. Dereva kakiri aliongeza oili ya injini kutoka kwenye dumu. Tumeosha, tumemwaga oili yote, filta mpya, na skrubu tumeirudisha kwa geji ya kuazima. Presha ni bar 345 asubuhi, na saa nane mchana 340 pampu zote mbili. Mashine inafanya kazi mpaka jioni. Sijanunua pampu. Mungu awabariki.

FundiMitambo:

Alhamdulillah, nimefurahi kweli. Baada ya muda mfupi wa kazi kata hiyo filta mpya uikague. Ukikuta vumbi la shaba linalong'aa, rudi hapa tuongee, maana hilo linaweza kutoka kwenye viatu vya pistoni (vipande vinavyoteleza juu ya ile sahani) za pampu au mota.

Tingo_wa_Jana:

Mimi nina hosi inalowana karibu na armu, sioni inapovujia. Nikipapasa kwa mkono mashine ikiwa inafanya kazi nitaipata?

FundiMitambo:

ACHA! Usipapase. Nakuomba.

Tundu dogo kiasi cha kutoonekana, kwa presha ya bar 300, linatoa mshale wa oili unaopita kwenye ngozi, na glavu haiuzuii. Unaweza kuhisi kama umechomwa na mwiba tu. Kidonda kinakuwa kidoti, damu hakuna, mtu anarudi kazini. Ndani, oili imeshasambaa kwenye nyama na mishipa, na baada ya saa chache mkono unavimba. Watu wamekatwa vidole na mikono kwa sababu walisubiri kesho. Ikikutokea wewe au mwenzako, nenda hospitali saa hiyohiyo, na umwambie daktari kwa maneno haya: oili ya haidroliki imeingia chini ya ngozi kwa presha. Usipomwambia, kwa kidonda kile anaweza kukupa dawa ya maumivu na kukurudisha nyumbani.

Kuitafuta, tumia kipande cha boksi kwenye mti mrefu, ukipitishe karibu na hosi huku umesimama pembeni na umevaa miwani. Boksi likilowa au kutoboka, umeipata.

Tingo_wa_Jana:

Aisee, sikujua kabisa. Nikishaiona, nazima mashine na kufungua nati?

FundiMitambo:

Bado. Kuzima injini hakuondoi presha iliyobaki kwenye silinda. Shusha baketi na bumu vikae chini kabisa, visining'inie. Zima injini, kisha rudisha ufunguo kwenye ON bila kuwasha, fungua ile leva ya usalama pembeni ya kiti, na usogeze joistiki zote kila upande mara kadhaa; ekskaveta nyingi zina chupa ndogo inayohifadhi presha ya kuongozea, nayo ndiyo itakayofungua spuli na kuachia. Minya kipumulio cha tanki hewa itoke. Acha oili ipoe. Futa uchafu wote kuzunguka nati kabla ya kuigusa, maana mchanga usiouona kwa macho unatosha kukwaruza spuli. Kisha simama pembeni, legeza nati kidogo tu, usubiri. Oili ikiacha kutoka, ndipo uifungue yote, na uzibe pande zote mbili kwa kifuniko safi, si kwa kitambaa.